Nondo wa Kisiwani kwa Koko

Wiki iliyopita nilipanda ngazi za jengo moja kule Saint Paul, huku Marekani, kumrudishia rafiki yangu funguo zake, nikakutana na harufu ya maharagwe yaliyopikwa kwa mawese. Sikujua yanatoka mlango gani. Nilisimama koridoni, buti zikinichuruzika maji ya theluji, na badala ya kukumbuka chakula nikakumbuka mdudu. Ninyi mliokulia huku na wazazi waliotoka kule mtanielewa, kwa sababu harufu haimuulizi mtu anataka kwenda wapi. Inakubeba tu.

Mdudu mwenyewe alikuwa nondo, yule kipepeo wa usiku, ila mdogo sana, kiasi kwamba ukucha wa kidole gumba ulimtosha kutua na nafasi ikabaki. Rangi yake ilikuwa ya majivu yaliyopoa, na kila bawa lilikuwa na mstari mwembamba wa kutu uliopinda karibu na ukingo. Vipapasio vyake vilichanua kama manyoya ya kifaranga. Akitulia hakutandaza mabawa kama vipepeo wa kwenye vitabu vya shule. Aliyainamisha pande mbili yakawa paa la kibanda. Koko alisema nondo huyo hayupo penginepo ila Idjwi, kisiwa chake kilicho katikati ya Ziwa Kivu, na mimi sikuwa na sababu ya kumbishia. Nilipokuwa mkubwa nilimtafuta vitabuni, tena kwa bidii, nikawaona ndugu zake wengi na yeye sikumwona. Huenda yumo kwa jina nisilolijua.

Koko ndivyo tulivyomwita bibi yetu, mama yake Papa. Tuliishi Anoka, si mbali na mto, ghorofa ya pili: Koko, Mama, mimi na mdogo wangu Espoir. Papa alikuwa bado kwenye kambi ya wakimbizi. Wakati wa kukimbia alipotezana nasi, akafika kambini nyuma yetu sana, na faili yake ya kuhamia huku ikawa peke yake. Yetu ikaitwa, yake ikabaki. Tulikuwa na picha yake ukutani na sauti yake kwenye WhatsApp, sauti iliyokatika kila mara katikati ya neno hata Espoir akaamini kwamba ndivyo Papa anavyoongea. Kila Jumapili Mama alimwambia, "Bado kidogo, vumilia," na Papa alijibu, "Nina-vu-mi—" kisha kimya. Mimi nilikuwa nimeshaanza kumsahau uso usio wa kwenye picha, na hilo lilinitisha kuliko kitu chochote, ingawa sikumwambia mtu.

Majira ya baridi yale ya kwanza hakuna aliyetutembelea. Kanisa lilikuwa mbali na hatukuwa na gari. Mama alifua mashuka katika nyumba ya kutunzia wazee, akirudi na mikono iliyochubuka, na Koko alikaa dirishani akitazama majirani wakishuka kwenye magari yao na kuingia ndani mbiombio kana kwamba wanafukuzwa. "Inchi gani iyi," aliuliza, "mutu anakaa na jirani mwaka muzima, na jina yake hajue?" Mama alimwambia ni baridi. Koko akasema baridi haikatazi mtu kusalimia. Siku nyingine hakuongea kabisa, akawa anakula matonge mawili na kusukuma chakula, na nilimsikia Mama akimwambia mtu kwenye simu kwamba mama mkwe wake anakauka kama mmea uliohamishwa vibaya.

Basi mama mmoja wa kanisani akaenda kutembea Bukavu, na aliporudi alituletea kikapu cha mafunjo kutoka kwa dada yake Koko wa Idjwi. Kilikuwa kimejaa maharagwe, lakini maharagwe yalichukuliwa na watu wa uwanja wa ndege. Kikapu kikapita. Koko alikipokea kwa mikono miwili, akaingiza uso wake wote ndani na kubaki humo kwa muda, mpaka Espoir akaniuliza kwa Kiingereza kama Koko amekwama. Kilinuka moshi wa kuni, udongo na ndizi. Kikawekwa kwenye kona ya sebule, juu ya zulia, na sisi watoto tukakatazwa kukigusa.

Halafu, alasiri moja theluji ikiwa imefika hadi kwenye vioo vya magari, nikamwona nondo ukutani, karibu na picha ya Papa. Nyie mnajua wakati huo wa mwaka huku hakuna kinachoruka isipokuwa ndege ya abiria. Nzi wamekufa, mbu wamekufa, hata buibui wamejificha. Mama alikuwa amevua kandambili tayari na mkono uko juu.

"Muache!" Koko alisimama upesi kuliko nilivyowahi kumwona akisimama. "Banapigaka mugeni?"

"Mama, pardon, iyi ni mududu tu. Atakula manguo."

"Mududu gani? Uyu ni wa kwetu. Tazama alama yake. Ametoka Idjwi mpaka huku, weye unamupokea na kandambili?"

Kisha alitueleza. Kwao, nondo yule akiingia nyumbani na kutua ukutani, mgeni yuko njiani. Humpigi, humfukuzi. Unafagia mlangoni, unapika na fungu la mgeni, na huulizi mgeni ni nani. Fungu hilo linawekwa kwenye sahani yake peke yake. Sisi nyumbani, kama watu wengi wa kwetu, tulikula pamoja kutoka bakuli moja kubwa, bugali katikati, mboga pembeni, vidole vikigongana. Lakini mgeni hupewa sahani, kwa sababu hujui anakulaje, na ni aibu kumshindanisha na watoto wenye njaa. Koko alinituma nilete sahani. Nikaleta ile nzuri, nyeupe yenye maua ya bluu, ambayo Mama aliinunua kwenye duka la mitumba na kuikataza isitumike.

Hakuna aliyesema mgeni ni Papa. Nataka hilo lieleweke, maana baadaye niliwalaumu watu wote. Mimi mwenyewe ndiye niliyejiambia. Nondo alitua karibu na picha yake; ametoka upande alikotoka; na ni mgeni gani mwingine duniani tuliyekuwa tunamngoja? Nilimnong'oneza Espoir, naye akapiga kelele, "Papa's coming!" na Mama akatukata jicho tukanyamaza. Lakini nilijua. Jioni ile nilikula nikiitazama sahani iliyofunikwa kuliko nilivyotazama tonge langu.

Koko aliacha mlango wa koridoni wazi kidogo. Mama alilalamika kuhusu joto linalotoka. Mara tukasikia hatua, na mlango ukasukumwa na mwanamke mfupi mwenye sare ya hospitali na soksi za rangi mbili tofauti. Alikuwa Mkenya wa chini yetu, muuguzi, ambaye tangu tuhamie tulimwona mgongo tu. Alikuja kushtaki.

"Jameni, habari zenu. Samahani, lakini huyo mtoto wenu anaruka-ruka juu ya kichwa changu na mimi nime-work double. Sijalala."

"Karibu," Koko akasema. "Ikala."

"Hapana, mama, sikukuja kukaa, nimekuja tu ku—"

"Ikala. Tulikuwa tunakungoja."

Alikaa. Nadhani alikaa kwa mshangao. Koko akafunua sahani yenye maua ya bluu na kuisogeza mbele yake: bugali, sombe ya majani ya muhogo, na ndagala waliokaangwa wakakauka. Yule dada alionja ndagala mmoja, akafumba macho, akasema, "Aki, hii ni omena ya kwetu kabisa," na machozi yakamlengalenga, na shtaka la Espoir likaishia hapo. Aliitwa Auntie Nyambura. Alikula akamaliza. Na mimi nilikaa pale nikimchukia kwa moyo wangu wote, kwa sababu alikuwa amekula chakula cha baba yangu.

Nondo yule alikufa baada ya siku chache. Nilikuwa nimemwekea maji ya sukari kwenye kifuniko cha chupa, hakuyagusa. Siku hizi najua kwamba kuna nondo wengi ambao wakishatoka kwenye kifukofuko hawali kitu chochote mpaka wanakufa; wengine hata mdomo wa kulia hawana, wanaotafuna ni viwavi wao. Wakati ule nilidhani ni adabu. Mgeni hawezi kuanza kula kabla ya kukaribishwa na mwenye nyumba, na mwenye nyumba alikuwa bado kambini.

Lakini hakuwa peke yake. Mayai yalikuwa yametagwa kule Idjwi katikati ya mafunjo, na joto la hita liliwadanganya wenzake kwamba masika yamefika. Akatoka wa pili, akatua juu ya pazia. Koko akapika, akaweka sahani, akaacha mlango. Mara hii aliingia mzee wa Kizungu wa mlango unaotazamana na wetu, Mzee Walt, mwenye kofia ya kuwindia, kuuliza kama kuna kitu kinaungua. Ni mawese tu. Koko hakujua Kiingereza, mzee hakujua kitu kingine, lakini sahani haina lugha. Alikula bugali kwa uma, akiikata vipande kama keki, na Koko alicheka hadi akajishika mbavu. Sikuwa nimesikia kicheko cha Koko tangu tutue nchi hii. Mama alisimama jikoni na kijiko mkononi, akimsikiliza. Mimi, badala ya kufurahi, nilinuna mpaka wakati wa kulala. Siku nyingine dereva wa teksi, Msomali wa mtaa wa Cedar-Riverside, alimpandisha Koko ngazi akitoka kliniki. Aliuliza tu kama kuna nguruwe, akaambiwa hakuna, naye akala.

Kichwani mwangu hesabu ilikuwa rahisi. Kila nondo alileta nafasi moja ya Papa, na kila mara mtu asiyehusika aliingia akaila. Dawa ilikuwa nondo wengi zaidi. Kwa hiyo nikawa nakiburuta kikapu, kidogo kidogo, Koko akiwa chooni na Mama kazini, mpaka kikawa kimegusana na hita. Na jamani, walitoka! Walitua kwenye taa, kwenye kioo cha bafuni, kwenye shingo ya Espoir. Asubuhi moja Mama alivaa koti lake la sufu, lile pekee, lililomfikisha kazini kwenye baridi ile, akakuta mwanga unapita kwenye kwapa. Hapo sasa ndipo nilipojua kwamba Mama alikuwa amevumilia.

Alimwita Auntie Nyambura, ambaye siku hizo alikuwa anapita kwetu kila akitoka kazini. "Hizo ni moth, mama, na hazina mchezo," Auntie alisema, akikizunguka kikapu mikono kiunoni. "Usinunue dawa. Weka hii kitu nje kwa balkoni. Baridi ya huku itazimaliza zote, na ni bure."

Mama akafungua mlango wa balkoni, akakitoa kikapu, akafunga. Kupitia kioo nilikiona kikipata barafu kwenye kingo. Nilipiga kioo kwa viganja. Nilisema maneno ambayo hadi leo nikiyakumbuka masikio yanapata moto. "Umemuua Papa! Sasa hatakuja, na ni wewe!"

Nilitegemea kofi. Mama alikaa chini, palepale kwenye zulia, na koti lake lililotoboka bado mwilini. "Weye unazania miye simungoji?" aliuliza. Hakupaza sauti. "Kila siku nikifunguaka ule mulango, minaangaliaka kwanza viatu, kama kuko viatu ya mwanaume." Kisha akanivuta, nikalia kwenye sufu iliyonuka sabuni ya mashuka ya wazee wa watu. Alikuwa anamtaka Papa kama mimi, tena kuliko mimi, na mimi nilikuwa sijawahi kufikiria hivyo.

Nilidhani Koko atamkasirikia Mama. Wala. Jioni akapika, akaweka sahani yenye maua ya bluu, akafunika, akaacha mlango.

"Koko, nondo wamekufa wote," nikamwambia.

"Bamekufa, ndiyo. Balisha kutuambia. Unataka bakuambie mara ngapi?"

Na hivyo ndivyo sahani iliendelea bila nondo. Mwaka ule safari za watu wa kambi zilisimamishwa, zikafunguliwa, zikasimamishwa tena, na Mama akawa akisikia habari kwenye simu anaenda kusimama bafuni. Lakini nyumba yetu haikuwa tena ile ya mwanzo. Mzee Walt alimfundisha Mama kuendesha gari kwenye maegesho ya kanisa lake, akishikilia dashibodi kwa mikono miwili na kusema "Okay, okay, okay" hadi mwisho. Kanisani humo alikuwapo mama mmoja aliyejua mambo ya mafaili, akaanza kuja kwetu, akala, akaandika, akapiga simu, akaandika tena. Auntie Nyambura alikaa karibu naye na kumtafsiria Mama kila swali, wakati mwingine akiwa na usingizi hadi anataja majina ya dawa badala ya majina ya watu. Yule dereva alimpeleka Koko kliniki na kumrudisha, na kila akifika kwenye ngazi alitanguliza kunusa. Mimi niliwahesabu wote kuwa walaji wa chakula cha Papa. Ningeweza kuketi na kuwashukuru mmoja mmoja leo, na wengine nimefanya hivyo. Mzee Walt hakunisubiri. Alikufa nikiwa sekondari, na Koko aliipikia familia yake sufuria nzima ya maharagwe.

Papa alifika wakati wa kiangazi, miti ikiwa imejaa majani na madirisha yote wazi. Uwanja wa ndege alitoka mtu mfupi kuliko picha, na mfuko wa karatasi zake kifuani, akanipa mkono kama mwalimu mkuu anavyompa mwanafunzi. Mama alimkumbatia, akamwachia, akamkumbatia tena. Garini Papa alitazama nje njia nzima. Mara moja tu aliuliza, kwa sauti ambayo haikukatika, kama mto ule tunaoupita ndio ule unaoganda. Nikamwambia ndio. Akasema, "Ajabu."

Koko alikuwa amekataa kuja uwanja wa ndege kwa sababu alikuwa anapika. Alimpokea Papa mlangoni, akamshika kichwa kwa mikono yenye unga, akakitazama mbele na pembeni, kisha akamwambia anawe. Mimi nilikuwa nimeshakimbilia kabatini. Siku hii ilikuwa yangu. Nilitoa sahani yenye maua ya bluu, nikaijaza mpaka mboga zikamwagika ukingoni, nikaiweka mezani mbele ya kiti kizuri. Papa akaketi. Mgongo wima, mikono juu ya magoti, kama watu wanavyoketi kwenye ofisi wakingoja jina lao liitwe. Hakuigusa.

Koko akatoka jikoni na bakuli kubwa, akasimama.

"Nani ameweka iyi sahani hapa?"

"Mimi. Ni ya Papa. Ulisema mgeni atakuja."

Alinitazama, na nadhani ndipo alipoelewa nilichokuwa nimekibeba miezi yote ile, kwa sababu uso wake ulilainika. Lakini mkono wake haukulainika. Aliichukua sahani mbele ya Papa na kuirudisha jikoni.

"Mugeni? Uyu nilimuzaa miye. Mutu anakuwaka mugeni kwa mama yake?" Akamshika Papa kiwiko, akamwinua kwenye kiti. "Njo hapa chini. Kula na batoto yako."

Papa akashuka kwenye zulia, katikati yangu na Espoir, mbele ya bakuli moja. Espoir akamsukuma kwa kiwiko, vilevile alivyonisukuma mimi kila siku, kwa sababu nafasi ilikuwa ndogo. Papa akakata tonge, akachovya, na mkono wake ukabaki hapo ndani ya bakuli, kati ya vidole vyetu, haurudi mdomoni. Mabega yakaanza kumtikisika. Mama aliendelea kula kwa haraka, macho chini, pua inamtoka maji. Nilikuwa nimelinda sahani isiyo yake. Nondo hawakuwa wametaja jina la Papa hata siku moja, wala Auntie Nyambura hakula kitu chake hata kimoja. Mahali pa Papa palikuwa kwenye bakuli, na nilikuwa nimekula karibu napo kila siku.

Mlango ulikuwa wazi kidogo, kama kawaida. Auntie Nyambura alisukuma akiwa na sare yake ya kazi, akaona mwanaume kwenye zulia, akarudi nyuma. "Ai, pole, pole! Sikujua amefika. Nitakuja kesho, leo ni ya family."

Koko alifungua mdomo, lakini Papa alikuwa ameshasimama, tonge bado mkononi, machozi hayajakauka mashavuni. Hakuwa amemaliza hata siku moja Marekani, na Auntie aliishi hapa tangu kabla sijazaliwa.

"Karibu, dada," Papa akamwambia. "Karibu kwetu. Ingia, chakula yako iko."

Auntie Nyambura akavua viatu.